Malazi ya Mwajiri: Ujira au Hisani?

Matangazo ya kazi za ufundi umeme yanayowalenga vijana wa Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Kampala yanafanana mno. Hutaja nchi, aghalabu Qatar, Saudi Arabia au Falme za Kiarabu. Hutaja mshahara na muda wa mkataba. Kisha huahidi kwamba malazi na usafiri wa kwenda kazini ni bure. Ahadi hiyo ya mwisho ndiyo inayowatuliza wazazi. Kijana aliyesomea kutandaza nyaya anaweza kuvumilia mshahara mdogo kwa muda, lakini kuingia usiku katika mji asioujua, bila ndugu wala jirani, kunamtisha mtu yeyote, na anayemwondolea hofu hiyo huonekana mfadhili. Hapo ndipo pana swali ambalo wanazuoni wa dini na wanafalsafa walilishughulikia karne nyingi kabla ya kuwepo waya wa umeme. Kitu ninachopewa ili niweze kumfanyia kazi aliyenipa, je, ni hisani yake kwangu au ni haki yangu kwake? Jibu nitakalolitetea ni kwamba malazi ya mwajiri ni ujira, sawa na fedha inayoingia benki mwisho wa mwezi, na kwamba ujira ukishaitwa hisani humpa mwajiri mamlaka juu ya maisha ya mtu ambayo hakuyanunua na wala hayauzwi.

Tuanze na hesabu, maana falsafa ya kazi isiyogusa hesabu hugeuka kuwa mawaidha tu. Sheria namba 17 ya Qatar ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika Machi 2021, iliweka kima cha chini cha mshahara kwa wafanyakazi wa kila taifa, wakiwemo wa majumbani: riyali 1,000 kwa mwezi, na juu yake riyali 500 za makazi na 300 za chakula endapo mwajiri hatoi vitu hivyo mwenyewe. Matangazo hayaweki bei ya kitanda. Sheria hii imeiweka. Mwajiri asiyetoa nyumba analipa, na anayetoa nyumba amesamehewa kulipa. Kwa kima hicho makazi ni zaidi ya robo ya riyali 1,800 anazostahili mfanyakazi wa ngazi ya chini kabisa. Tena kanuni za nchi hiyo kuhusu nyumba za wafanyakazi haziruhusu watu zaidi ya wanne katika chumba kimoja, na kila mmoja apate nafasi isiyopungua mita 6 za mraba. Chumba kimoja chenye watu wanne, basi, kinamwondolea mwajiri wajibu wa kulipa riyali 2,000 kila mwezi. Huenda chumba hicho kikamgharimu zaidi ya hapo, huenda kikamgharimu pungufu; vyovyote iwavyo hapo pana biashara, tena biashara halali. Wakenya hawana haja ya kwenda Doha kulijua hili. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makazi yanayofaa au amlipe fedha ya kutosha kupanga nyumba, mbali na mshahara wake. Na Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unaruhusu sehemu ya ujira ilipwe kwa vitu badala ya fedha, mradi thamani ya vitu hivyo iwe ya haki. Inashangaza kwamba kitu ambacho fundi anakidai kama haki akiwa Nakuru au Thika, anakipokea kwa kuinamisha kichwa akishavuka bahari.

Dini zetu nazo zililiona jambo hili mapema. Katika fiqhi ya Kiislamu, mlango wa ijara, yaani mikataba ya kukodi na kuajiri, una sharti kwamba kazi ijulikane na ujira ujulikane. Likazuka swali: mtu anaweza kuajiriwa kwa chakula chake na mavazi yake? Imamu Malik aliruhusu, kwa hoja kwamba desturi ya watu inatosha kubainisha kiasi. Abu Hanifa aliruhusu kwa mama anayeajiriwa kunyonyesha, si kwa wengine. Imamu Shafi'i, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu na visiwani, alikataa, kwa kuwa chakula na mavazi visivyotajwa kiasi ni ujira usiojulikana, na ujira usiojulikana huzaa ugomvi. Walitofautiana katika hukumu, lakini wote walikuwa wakijadili ujira. Hakuna aliyesema chakula cha kibarua ni sadaka aliyopewa. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa. Sadaka haidaiwi kwa kadhi, na aliyenyimwa hana kesi. Ujira una mdai hapa duniani, na kwa mujibu wa hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari, anayemtumikisha mtu mpaka akamaliza kazi kisha akamnyima ujira wake atakuwa na Mungu mwenyewe kama hasimu wake Siku ya Kiyama. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, nayo inamwamuru mwajiri amlipe kibarua maskini kabla jua halijatua, na inataja waziwazi kwamba amri hiyo inamhusu ndugu na mgeni anayeishi nchini vilevile. Mgeni hakuachiwa huruma ya tajiri, aliwekewa amri.

Lakini ujira ni nusu tu ya jambo. Vitabu vitukufu vina visa viwili vya vibarua wa ughaibuni vinavyofanana kwa sura na kutofautiana kwa roho, na ndivyo vinavyotupeleka kwenye nusu ya pili. Musa alikimbia Misri akiwa na hofu ya kuuawa, akafika Madyani hana kitu. Kisimani akawanyweshea mifugo mabinti wawili bila kuomba malipo. Qur'ani, katika Sura ya Al-Qasas, inasimulia kwamba baba yao alimwita ili amlipe ujira wa ile kazi ya kunywesha. Hilo peke yake ni la kuzingatiwa: mzee anamkaribisha mgeni mwenye njaa, na bado anaona kuna kazi iliyofanywa inayostahili malipo. Baadaye anampa ajira, mke na mahali pa kukaa kwa sharti la miaka minane. Musa akipenda kutimiza kumi, hiyo ni hiari yake, na mzee anaongeza kwamba hataki kumtaabisha. Musa naye anaweka neno lake: muda wowote atakaoumaliza kati ya hiyo miwili, asidhulumiwe. Akaumaliza, akaondoka na familia yake, na hakuna aliyemfukuzia.

Yakobo naye alikimbia hatari ya kwao, naye alikutana na binti kisimani, naye alikaribishwa kwa kukumbatiwa katika nyumba ya Labani, mjomba wake. Alikaa mwezi mzima ndipo ujira wake ukazungumzwa. Akatumika miaka saba kwa ajili ya Raheli, akapewa Lea. Akatumika saba mingine, kisha sita kwa ajili ya mifugo, na mwisho akalalamika kwamba ujira wake ulibadilishwa mara kumi. Alipotaka kuondoka hakuthubutu kuaga, kwa sababu aliogopa kunyang'anywa wake zake. Labani akamfuata siku saba. Alipomfikia, pamoja na kulia kwamba alinyimwa nafasi ya kuagana na wanawe, alitamka kwamba mabinti ni wake, watoto ni wake, na mifugo ni yake. Sioni sababu ya kuamini kwamba hema la Labani lilivuja kuliko la mzee wa Madyani, au kwamba chakula chake kilikuwa haba. Kilichotofautisha nyumba hizo mbili ni kwamba katika moja muda ulitajwa na mlango wa kutokea ulijulikana tangu siku ya kwanza, na katika nyingine mwenye nyumba alifikia kuamini kwamba kila kilichokua chini ya paa lake ni mali yake, pamoja na watu.

Philip Pettit, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu nadharia ya jamhuri, ameifufua hoja ya kale inayolifafanua hili: mtumwa wa bwana mpole bado ni mtumwa. Kutoguswa hakutoshi kuwa uhuru. Anayeishi kwa kutegemea kwamba mwenye nguvu hataamka na hasira kesho ameshatawaliwa, hata kama hasira hiyo haiji miaka yote, kwa sababu atakuwa amejifunza kupima maneno yake na kucheka mizaha isiyochekesha. Mwajiri wa kawaida ana mamlaka juu ya saa za kazi. Mwajiri wa Ghuba, chini ya utaratibu wa kafala, yaani udhamini wa mwajiri, alikuwa pia na mamlaka juu ya kibali cha ukaazi na kuhama kazi. Hilo limepunguzwa: mwaka 2018 Qatar iliwaondolea wafanyakazi wengi ulazima wa kibali cha mwajiri cha kutoka nchini, mwaka 2020 ikaondoa sharti la ridhaa yake kabla ya kuhama kazi, na Saudi Arabia ikalegeza masharti yake Machi 2021. Mageuzi hayo ni ya kusifiwa. Hata hivyo, hayakukigusa kitanda. Fundi anayetumia haki yake mpya, akatoa taarifa asubuhi kwamba anahamia kampuni nyingine, jioni inamkuta akirudi kulala katika jengo la kampuni anayoiacha. Ana haki ya kuondoka, lakini hana mahali pa kusimama wakati akiitumia.

Fundi umeme ana sababu ya pekee ya kulielewa hili, maana limo ndani ya kazi yake. Kabla ya kugusa mitambo mikubwa, hukata umeme kwenye swichi kuu, huweka hapo kufuli lake mwenyewe na kibao cha onyo, na ufunguo hukaa mfukoni mwake. Kama mafundi ni watano, makufuli ni matano. Msimamizi akiwa na haraka, mwenye jengo akipiga kelele, umeme haurudishwi mpaka kila mmoja aondoe kufuli lake kwa mkono wake. Kanuni hiyo haikutungwa kwa dhana kwamba wasimamizi ni wauaji. Ilitungwa kwa kuwa uhai wa mtu haupaswi kutegemea kumbukumbu, wema au subira ya mwingine. Na mtu huyohuyo ambaye kiwandani hakuna anayeruhusiwa kushika ufunguo wa uhai wake, jioni hurudi kwenye chumba ambacho saa ya kufungwa lango, wageni wanaoruhusiwa na siku ya kuhama vimo mikononi mwa anayemlipa. Usingizi wenyewe ni sehemu ya usalama wake kazini. Aliyelala vibaya karibu na nyaya zenye umeme ni hatari kwake na kwa wenzake. Kwa hiyo nyumba ya fundi haiwezi kuhesabiwa kama pambo la mkataba.

Kuna jibu la haraka kwamba tatizo ni nyumba mbovu, na kwamba zikijengwa nzuri mambo yatatengemaa. Historia inakataa. Karibu na Chicago, katika miaka ya 1880, George Pullman, tajiri wa mabehewa ya kulala, aliwajengea wafanyakazi wake mji mzima: nyumba za matofali, maji ya bomba, bustani na maktaba. Watu wa wakati huo waliusifu sana. Mdororo wa uchumi wa mwaka 1893 ulipofika, kampuni ilipunguza mishahara lakini kodi za nyumba hazikupunguzwa. Mfanyakazi aliyekuwa na shida na mwajiri alijikuta ana shida na mwenye nyumba, na alikuwa mtu yuleyule. Mgomo wa mwaka 1894 ulizuia reli za sehemu kubwa ya Marekani na kuzimwa na askari wa serikali kuu, na mwaka 1898 Mahakama ya Juu ya jimbo la Illinois iliiamuru kampuni iziuze nyumba hizo. Afrika yetu ina mifano isiyo na bustani wala maktaba: kambi za migodi ya almasi ya Kimberley, kambi za manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, landi za reli, yaani makazi ya wafanyakazi wake. Hata ambako mwajiri hakutoa nyumba kabisa, kama kwa vibarua wengi wa Mombasa, makazi na ughali wa maisha vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha mgomo mkuu wa Januari 1947, kwa hiyo simaanishi kwamba kuachiwa mtu ajitafutie ndiyo dawa. Baada ya uzoefu wa namna hiyo kote duniani, Shirika la Kazi Duniani lilitoa Pendekezo namba 115 la mwaka 1961, ambalo linasema kwamba kwa jumla haifai waajiri wawape wafanyakazi nyumba moja kwa moja, isipokuwa pale mazingira yanapolazimisha, kwa mfano kazi inapokuwa mbali na makazi ya watu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la hiari. Hakuna aliyemfunga fundi kamba akapelekwa uwanja wa ndege. Alisoma mkataba, akasaini, na huenda anakitaka kitanda hicho cha kampuni kuliko kupanga chumba mjini, kwa sababu kila riyali asiyolipa kodi inakwenda kwenye karo ya wadogo zake au kwenye kiwanja. Pingamizi hili lisidharauliwe. Wanaolidharau kwa kawaida wana nyumba. Uamuzi wa fundi ni wa busara na sina neno la kumlaumu. Lakini ridhaa ya pande mbili haijawahi, katika mapokeo yetu, kuhalalisha kila sharti. Riba hairuhusiwi hata kama mkopaji na mkopeshaji wameridhiana, na mauzo ya kitu kisichojulikana hubatilika ingawa mnunuzi alikuja kwa miguu yake. Sababu ni kwamba mwenye dhiki huridhia mengi. Fundi aliyekopa ili amlipe wakala ameridhia akiwa na deni shingoni, ilhali Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unawakataza mawakala binafsi wa ajira kumtoza ada mtafuta kazi, isipokuwa kwa msamaha maalumu. Hiari yake inatuambia kwamba safari ina faida. Haituambii kwamba kila kifungu cha mkataba ni cha haki.

Wengine watasema: mwajiri asipotoa nyumba, mgeni atalala wapi? Hajui lugha, hana mdhamini, hana amana ya miezi mitatu, na wenye nyumba wa mjini nao wana dhuluma zao. Kweli tupu. Mwenye nyumba wa mjini anaweza kumfukuza mpangaji, ila hawezi kumfukuza kazi siku hiyohiyo. Mamlaka yaliyotawanyika humbana mtu kwa upande mmoja tu. Na hitaji la mgeni linaeleza wiki na miezi ya mwanzo, halielezi mwaka wa pili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mara nyingi tunaitumia methali hiyo kumsuta mvivu, lakini inamhusu mwenyeji pia: ukishampa mtu jembe, usiendelee kumhesabia wali aliokula. Nchini Qatar, sheria ya mwaka 2010 inakataza kambi za wafanyakazi ndani ya mitaa ya makazi ya familia, hivyo hata aliyekaa miaka mingi hubaki pembezoni mwa mji alioutia taa. Machi 2020, gonjwa la korona lilipoingia, sehemu ya eneo la viwanda la Doha ilifungwa pamoja na wafanyakazi waliokuwa wakiishi humo. Anayelala mahali alipopangiwa hufungiwa mahali alipopangiwa.

Litakuja pia pingamizi la wacha Mungu, nalo nalipenda kuliko yote. Mtume hakuwausia wenye watu chini ya mikono yao wawalishe wanachokula wao na wawavishe wanachovaa wao? Basi anayempa mfanyakazi malazi anatenda la dini. Ndiyo, na usia huo una kipimo ndani yake: wanachokula wao. Mkurugenzi anayeutaja akubali kwanza kulala katika chumba hicho mwezi mmoja wa Agosti. Zaidi ya hayo, ihsani huanza pale haki inapokwisha. Msimamizi aliyempeleka fundi hospitali usiku wa manane kwa gari lake, mwenye kampuni aliyemlipia tiketi akamzike mama yake wakati mkataba haukumtaka kufanya hivyo, hao wamefanya hisani na wanadaiwa shukrani. Kumwambia fundi ashukuru kwa kitanda kilichokwisha kukatwa katika thamani ya jasho lake ni kumtoza mara mbili, na ni kuidhalilisha hisani yenyewe.

Kwamba mambo yanaweza kupangwa vingine kunaonekana kwingine. Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji wa kikazi Berlin mnamo Septemba 2024, na mafundi umeme wako miongoni mwa wanaotamani njia hiyo, ingawa ni ndefu, yenye mitihani ya lugha na utambuzi wa vyeti. Sheria ya kiraia ya Ujerumani inazitambua nyumba za waajiri, lakini mkataba wa nyumba ukiwa umeandikwa kando na wa kazi, kwisha kwa kazi hakumtoi mtu ndani ya nyumba. Mwajiri hutakiwa atoe notisi ya nyumba yenyewe, yenye muda wake. Ujerumani si pepo, na mgeni ana baridi yake huko. Hilo moja, hata hivyo, walilipatia: walimtenganisha mwajiri na mwenye nyumba hata pale wanapokuwa mtu mmoja.

Maofisa wa ajira wa Nairobi na Dar es Salaam wanaopitisha mikataba, na masheikh na wachungaji wanaoombwa dua kabla ya safari, wanaweza kuliuliza hili kabla ya visa kugongwa muhuri. Mkataba utaje thamani ya malazi kwa fedha, uruhusu mfanyakazi achukue fedha hiyo akapange kwingine akishauzoea mji, na useme ni siku ngapi atakaa katika chumba chake baada ya kazi kwisha, kwa sababu yoyote ile. Mkataba usiotaja siku hizo haujakamilika, na fundi ana haki ya kuurudisha mezani bila kuusaini.